Hicho kitabu kinene mlichokicheka nimekimaliza

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua huwa mnataka barua fupi na hii yangu imekuwa ndefu, ila mkitaka kuikata tafadhali msikate sehemu ya shimo, kateni hata hizi salamu.

Naandika kwa sababu ya yule mwandishi wenu wa safu ya Jumapili. Wiki tatu zilizopita alituchamba sisi wasomaji, eti wanaosoma siku hizi ni wachache na hao wachache nao wametekwa na mavitabu ya mashetani ya Kizungu, manene kama tofali la kuchoma, akauliza mtu mwenye akili zake anasoma kurasa elfu moja za jini za nini wakati bibi yako stori ya jini anaimaliza kabla ugali haujaiva. Nilicheka kweli, anajua kuandika yule baba. Lakini kitabu alichokitolea mfano ni hiki hiki kilichopo kwenye droo ya kaunta yangu, It cha Stephen King, na kwa jinsi alivyokielezea, eti klauni wa sarakasi anakula watoto basi, naona kabisa alichokiona yeye ni tangazo la filamu. Mimi nimekisoma. Chote. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa nane.

Niko mapokezi kwenye gesti moja hapa Makambako, zamu ya usiku, huu mwaka wa tisa. Kwa wasioujua mji wetu, hapa ndipo barabara ya kutoka Dar inapogawanyika, moja inaenda Mbeya nyingine Njombe mpaka Songea, kwa hiyo usiku kucha ni malori, na upepo, upepo wa Makambako sio wa kuhadithiwa, na treni ya TAZARA ikipita glasi kwenye kaunta zinagongana zenyewe. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka taa ya getini huioni. Sasa kaa hapo peke yako saa nane usiku na kitabu cha namna hiyo mkononi, alafu uje uniambie habari za bibi na ugali.

Kitabu sikukinunua, ningepata wapi. Mgeni mmoja aliondoka alfajiri kuwahi basi, dada wa usafi akakikuta chini ya mto. Nilikiandika kwenye daftari la vitu vilivyosahaulika, kitabu kikubwa cha Kiingereza kimoja, nikapiga namba aliyoandika mgeni nikaambiwa haipatikani, nikakiweka kwenye droo pamoja na chaja na funguo za watu. Kikakaa miezi miwili. Siku umeme umekatika na simu yangu imebaki asilimia kumi na mbili, nikawasha taa ya kuchaji nikakifungua tu kupoteza usingizi. Kiingereza changu ni cha form four na pembeni nilikuwa na kamusi ya TUKI ya binti yangu, kwa hiyo usidhani nilikuwa natiririka, kurasa nane tisa kwa usiku, siku wageni wengi kurasa mbili, siku nyingine aya moja narudia mara nne kama mtu anayehesabu chenji.

Kinaanza na gazeti, Mhariri. Nadhani hapo ndipo kiliponikamata. Ni mwaka 1957, mji unaitwa Derry, uko jimbo la Maine huko Marekani kaskazini mashariki kabisa, mvua imenyesha siku kadhaa mitaro imejaa. Kijana mmoja anaitwa Bill amelala na mafua, anamtengenezea mdogo wake George, miaka sita, mashua ya karatasi, na karatasi yenyewe ni gazeti. Ili mashua isilowe lazima ipakwe nta, na nta iko chini ya nyumba, kwenye chumba cha chini chenye giza, na George ndio anatumwa kuifuata. Yaani kabla ya klauni, kabla ya kitu chochote, mwandishi anakaa na mtoto mlangoni pa hicho chumba, mkono unapapasa ukutani kutafuta swichi, na mtoto ana uhakika kabisa kwamba kuna kitu kitamshika mkono kabla hajaipata. Nani hajawahi kuwa huyo mtoto? Sisi choo kilikuwa nje nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na kibatari kinazimwa na upepo, nilikuwa natoka kule mbio hata sijajifunga sawasawa. Alafu George anaipata nta, mashua inapakwa, anatoka nje na koti lake la mvua la njano, mashua inakimbia kwenye maji ya mtaro, inaingia kwenye tundu la mfereji wa chini ya barabara, na ndani ya tundu kuna mtu anamwita. Klauni mwenye maputo. Anamwambia kule chini vitu vyote vinaelea. Sitaendelea hapo, mtoto hakurudi.

Sasa hilo jina. It. Nilisumbuka nalo sana maana Kiswahili hakikubali kitu kisicho na ngeli, lazima useme kinakuja, linakuja au anakuja. Ukisema anakuja umeshakifanya mtu au mnyama, ukisema linakuja umelifanya jitu, ukisema kinakuja kinakuwa kama kikombe. Nikamuuliza binti yangu yuko form three akasema mama sema tu "lidude". Nimeona lidude linafaa, maana hata sisi kitu tunachokiogopa hatukitaji jina, tunasema lile dude, yule mdudu, yale mambo.

Niseme sasa kuhusu unene, maana ndio ugomvi wenyewe. Toleo la kwanza la 1986 lilikuwa na kurasa 1,138. Mwandishi kwenye ukurasa wa mwisho ameweka tarehe, alianza Septemba 1981 akamaliza Desemba 1985, miaka minne na zaidi. Yeye mwenyewe ni mtu wa huko huko Maine, kazaliwa 1947, kwa hiyo 1958, mwaka watoto wake wa kwenye hadithi wanapopambana na hilo dude, alikuwa na miaka kumi na moja sawa na wao, na Derry yenyewe ni Bangor, mji aliokuwa anaishi wakati anakiandika, amebadilisha jina tu. Bangor ulikuwa mji wa mbao, magogo yanashushwa mtoni, kama ukitaka kupata picha fikiria Mafinga yenye mto mkubwa na baridi ya barafu. Mtu wa namna hiyo hawezi kukuambia habari za mji wake kwa kurasa themanini. Mpaka nafika katikati ya kitabu nilikuwa najua maktaba iko wapi, tenki la maji liko kilima gani, ukitoka shule ukapita njia ipi utakutana na wale wahuni wakubwa na ukipita ipi utafika salama kwenye bonde wanakocheza wenzako. Siku moja mgeni kaniuliza duka la dawa lililo karibu nusura nimwelekeze la Derry.

Na ukishaujua mji hivyo ndio unaanza kuona kitu ambacho kwenye tangazo la filamu hakipo. Klauni sio anayetisha zaidi. Wanaotisha ni wazazi.

Nitoe mifano msije mkasema natunga. Kuna binti anaitwa Beverly, siku moja bomba la sinki bafuni kwao linatapika damu, ukuta mzima, kioo, sakafu. Baba yake anaingia kwa kusikia kelele, anainama kwenye lile sinki, haoni kitu. Anashika pale pale penye damu. Binti anaoga humo, anapiga mswaki humo, damu inakauka ukutani, mpaka anapoenda kuwaita marafiki zake watoto wenzake, wao wanaiona, na wanachofanya sio kupiga yowe, wanachukua ndoo na matambara wanasugua bafu lote, alafu wanabeba yale matambara kwenda kuyafua kwenye mashine za kulipia kwa sarafu. Nilirudia hiyo sehemu mara tatu. Watoto wa miaka kumi na moja wanafua damu ambayo wazazi wao wamesema haipo.

Au ile ya 1905, mkata magogo anaingia baa na shoka, anawaua watu waliokaa kwenye meza ya karata mmoja mmoja, na waliosimama kaunta wanaendelea kunywa bia na kupiga stori za siasa. Au 1906, kiwanda cha chuma kimewaandalia watoto mchezo wa Pasaka wa kutafuta mayai humo humo kiwandani, kikalipuka, watu 102, watoto peke yake 88. Kila baada ya miaka ishirini na saba hivi mji unapasuka namna hiyo, alafu unatulia, alafu hakuna anayeuliza.

Lakini iliyoninyima raha kabisa ni ndogo, haifiki hata ukurasa. Wale wahuni wamemkamata Beverly barabarani mchana kweupe, na ng'ambo ya barabara kuna jirani mtu mzima kakaa barazani kwake anasoma gazeti. Anainua macho anaangalia. Anasimama. Anakunja gazeti lake, anaingia ndani. Basi. Kitabu kimeanza na gazeti lililokunjwa mashua na mtoto, huku ndani tena kuna gazeti linakunjwa na mzee, na mimi niko kaunta nimefunika mapaja na gazeti lenu la Ijumaa kwa sababu ya baridi. Niliangalia mlangoni, nawaambieni ukweli.

Na msiseme ni ya kutunga tu. Mwaka 1984 pale Bangor kijana mmoja anaitwa Charlie Howard alirushwa mtoni kutoka darajani na vijana watatu kwa sababu tu alikuwa anapenda wanaume, akafa maji. Kwenye kitabu mauaji kama hayo ndio yanafungua ile sehemu ya 1984, lidude linapoamka tena. Klauni yupo chini ya daraja ndiyo, lakini waliomrusha ni watoto wa watu.

Hapa sasa ndio lile shimo.

Mji niliokulia mimi sio Makambako, uko sio mbali, sitautaja. Kulikuwa na mkandarasi alichimba kifusi cha barabara akaondoka akaacha shimo, refu kwenda chini kuliko nyumba. Zikaja mvua za El Niño, zile za 1997 kwenda 1998, likajaa likawa bwawa. Mimi nilikuwa darasa la nne, miaka kumi na moja, tulikuwa tunaenda kutupa mawe. Mdogo wake rafiki yangu, wa miaka saba, akatumbukia mchana wakati wakubwa wako shamba. Tulichokiona sisi tulipofika ni ndala moja ya bluu inaelea katikati, inazunguka taratibu, na yale maji yametulia kama chai. Walimtoa jioni kwa kamba.

Mji mzima ukasema chunusi. Kuna chunusi kwenye lile shimo, anavuta watoto miguu. Akaja mtaalamu kutoka mbali, akachinjwa kuku mweusi, akarushwa majani fulani, wazazi wakatuonya msisogee chunusi ana hasira. Na sisi tuliamini, mimi niliota hicho kitu miaka. Lakini lile shimo, Mhariri, lilibaki wazi. Hakuna hata mzee mmoja aliyesema twende kwa mtendaji, au tulizungushie miiba, au yule mkandarasi yuko wapi. Kuku alilipiwa mchango nyumba kwa nyumba, nakumbuka baba akitoa noti, na nadhani kwa hela ile tungepata miti ya kuzungushia nusu ya shimo. Masika iliyofuata akatumbukia mwingine. Wakasema si tuliwaambia.

Nilikuja kukumbuka haya yote nikiwa kaunta, miaka mingi baadaye, kwa sababu ya kitabu cha Mmarekani kuhusu tundu la mtaro. Nikapiga hesabu, 1998 jumlisha ishirini na saba, nikapata mwaka huu. Na wale watoto wa Derry wanaporudi mjini kwao wakiwa watu wazima wana miaka 38, na mimi nina 38. Nilifunga kitabu nikaenda kuwasha taa za korido zote, meneja asubuhi akauliza kwa nini.

Mwandishi wenu anasema hadithi za mashetani zinawafanya watu wajinga. Mimi nasema inategemea shetani amewekwa pale afanye nini. Chunusi wetu aliwekwa pale ili asiulizwe mtu. Bibi yangu naye alikuwa anakimbia gari jekundu la zimamoto mpaka anazeeka, wakati wa mkoloni watu wengi wa Afrika Mashariki waliamini wazimamoto ni mumiani, wananyonya watu damu. Tunacheka, lakini waliokuwa wanachukuliwa na magari ya serikali ya enzi ile walikuwa wanachukuliwa kweli, hata kama damu ilikuwa sio hiyo. Ukisikiliza stori ya jini vizuri mara nyingi kuna mtu na gari lake nyuma yake. Stephen King kafanya kazi ya kukuonyesha vyote viwili, dude na watu waliolizoea, na ndio maana inamchukua kurasa zote zile.

Kuna mtu mmoja kwenye kitabu sijaona wengi wakimtaja, Mike Hanlon. Ni mweusi, familia yao ni karibu ya pekee pale mjini, baba yake mkulima aliyenusurika 1930 wakati klabu ya askari weusi ilipochomwa moto na Wazungu waliojificha nyuso. Watoto walikuwa saba. Sita wakaondoka Derry, wakafanikiwa vibaya sana, mmoja mwandishi, mmoja msanifu wa majengo, mmoja mtangazaji wa redio, mmoja ana kampuni ya magari ya kifahari, lakini wote wamesahau. Yaani hawakumbuki kabisa, hata majina ya wenzao, hata kwamba waliwahi kupambana na kitu. Mike peke yake alibaki, akawa mkutubi wa mshahara mdogo, anafungua maktaba anafunga maktaba, anahoji wazee, anasoma magazeti ya zamani, anaandika kwenye daftari. Aliyebaki ndiye anayekumbuka, na kukumbuka kwenyewe hakumlipi kitu. Siku mambo yanaanza tena ndio yeye anachukua simu anawapigia mmoja mmoja. Mmoja wao baada ya simu hiyo anaingia bafuni hatoki tena hai.

Nilipofika hapo nikafungua grupu letu la WhatsApp la darasa la saba 2001, niko kaunta, saa tisa usiku, nikaandika hivi mnakumbuka lile shimo la kifusi. Asubuhi majibu yakaanza. Wa Dar akasema shimo gani tena shosti. Wa Dodoma, huyu yuko ofisi kubwa, akaweka emoji ya kucheka. Mwingine yuko Muscat anafanya kazi za ndani, akasema ananikumbuka mimi na mwalimu wa hesabu basi. Mmoja akatuma tangazo la mchango wa harusi. Saa nne asubuhi akajibu fundi cherehani mmoja, alibaki mji ule ule hajawahi kuhama, akaandika alikuwa amevaa sweta la kijani limetoboka kiwiko, na ndala zilikuwa za kaka yake. Akaniambia shimo lilijazwa takataka miaka ile ya 2000 na kitu, saivi juu yake kuna fremu za maduka na sehemu ya kuosha bodaboda, na mvua ikinyesha sana sakafu ya duka moja inatitia. Nilikaa na simu mkononi chai ikapoa. Rafiki yangu mwenyewe, dada wa yule mtoto, yumo kwenye grupu na alisoma, alama mbili za bluu zilionekana. Hakuandika kitu na mimi sikumfuata.

Sitaki mdhani nakisifia kila kitu. Kina makosa. Kule mwishoni kwenye mitaro kuna sehemu inayowahusu wale watoto haifai kabisa, haina sababu ya kuwepo, niliipitia harakaharaka na nikifikiria nampa mtu kitabu hiki nitambandikia zile kurasa na klipu. Na lidude lenyewe likija kuonekana umbo lake, baada ya miezi mitano ya kukosa usingizi, ni buibui. Buibui mkubwa mwenye mayai! Nilijisikia kama mtu aliyesubiri pilau toka saa kumi na mbili akaletewa kande. Sisi huku buibui tunamfagia.

Kuna kobe pia, kobe mkubwa wa zamani kuliko dunia, na ukitegemea atasaidia kama kobe wa hadithi zetu anavyomzidi sungura akili, wapi, kachoka, anasema yeye haingilii mambo hayo. Ila namna ya kupigana na lidude niliipenda. Mnang'atana ulimi wewe na yeye, kisha mnategeana vitendawili na vichekesho, ukicheka kwanza wewe umeliwa. Nilisoma hapo nikasema kumbe, bibi zetu waliokuwa wanatutegea vitendawili usiku kabla ya kulala walikuwa wanatupa mazoezi ya kazi gani? Na huyo Bill ana kigugumizi, ana sentensi moja ngumu ya kunyoosha ulimi aliyofundishwa, kama sisi na wale wari wa Liwale hawali wali wa liwali, na hiyo sentensi ya mazoezi ndio inakuja kumsaidia mwisho wa mambo. Hilo peke yake lingemfurahisha mwandishi wenu kama angefika huko.

Na mwisho kabisa, likishakufa, wote wanaanza kusahau tena. Hata Mike. Anafungua daftari lake anakuta majina ya marafiki zake wino unafifia. Hapo sikuwa na hofu yoyote ya lidude, nilikuwa nalia tu, dereva mmoja wa lori akaja kuchukua ufunguo akaniuliza dada umefiwa, nikamwambia hapana kaka ni kitabu, akaniangalia kama anataka kubadilisha gesti.

Kwa hiyo Mhariri nina maombi mawili alafu nimalize. La kwanza, rudisheni ile hadithi ya mfululizo. Zamani nilikuwa nanunua gazeti kwa ajili ya hiyo tu, tunasomeana shule kwa zamu, na mkiishia pale mlango unafunguliwa wiki nzima hatulali. Mmeiondoa mkaweka mikeka ya kubeti. Tafuteni mtu atuandikie mji mmoja mdogo wa kwetu, taratibu, wiki hadi wiki mwaka mzima, wenye stendi na mashine ya kusaga na gesti, na dude lake, na watu wake wanaoangalia pembeni. Mtu asiseme wasomaji hawana subira, hapa mapokezi wageni wananiuliza kila siku dada hicho kitabu kinahusu nini, na nikianza kusimulia wanaegemea kaunta mpaka supu inapoa.

La pili, mtume mwandishi apite aangalie mashimo ya kifusi yaliyoachwa wazi kwenye barabara zetu hizi, mvua hazijaanza bado. Msimuulize mtu kuhusu chunusi. Pimeni tu kina, muulize ni la nani.

Na wewe mgeni wa chumba namba sita uliyeondoka na basi la alfajiri, kama unasoma gazeti hili, kitabu chako kipo, njoo hata usiku. Tiketi uliyoweka alama nimeiacha pale pale ukurasa wa 214, mimi nilitumia kipande changu cha kanga. Kuna ukurasa mmoja una doa la chai, samahani, lilikuwa lile tukio la bafuni, mkono ulitikisika. Ulikuwa bado hujamkuta kobe. Sitakuambia kitu.

Wenu,
Dada wa zamu ya usiku,
Makambako